Faili Lisilo na Kosa

Binti yangu alikaa miaka miwili bila shule. Makaratasi yetu ya ukaazi yalikuwa hayajatoka, na kila shule ya karibu na Bertrams, mtaa tunaoishi huku ugenini, iliniambia nafasi zimejaa. Basi nikamfundisha mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, nikishamaliza kukaanga maandazi ya kuuza.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa Tanga. Unaandika kwanza kwenye daftari la rafu, unakosea weee, halafu unanakili kwenye daftari safi. Safi ndilo analoliona mwalimu. Akichafua mstari mmoja, nilichana ukurasa mzima, aanze upya. Nilikuwa mkali, sikatai. Rafu zenyewe nilifungia maandazi, na madereva wa teksi walikula juu ya hesabu za mwanangu.

Mwaka huu shule moja ikakubali kumpokea gredi ya nne, pamoja na wenzake wa miaka tisa, mradi nilete kumbukumbu za masomo yake. Nikamkalisha mwezi mzima anakili upya hata madaftari ya mwanzo, maana mwandiko wake wa zamani ulinitia aibu. Nikapeleka faili linang'aa, binti yangu nikiwa naye.

Mwalimu aliyelipokea alikuwa mama wa makamo, mpole. Alifungua mwanzo, akafungua mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akaniuliza makosa yako wapi. Mwandiko ni ule ule, akasema, na hakuna jibu hata moja lililokosewa. Atajuaje mtoto alianzia wapi, au kama ni yeye aliyeandika? Mficha uchi hazai, methali hiyo naijua tangu utotoni, na bado nilikaa pale kama mjinga. Ningemwambiaje kuwa makosa yote yameliwa?

Akasema haidhuru, mtoto aandike hapo hapo mistari michache kuhusu nyumbani. Akampa karatasi moja. Binti yangu akaomba na ya rafu. Mwalimu akatabasamu, akamwambia haihitajiki, aandike tu. Mimi nikaombwa nisiseme kitu.

Akashika kalamu. Akaniangalia. Aliandika neno moja, akalikata, akaliangalia kwa hofu, akaacha. Moyoni nilikuwa nampigia kelele aandike, akosee, achafue meza nzima akitaka. Muda ukaisha karatasi ikiwa na lile neno moja lililokatwa.

Mwalimu alisikitika, niliona. "Eish, mama," akasema, "nitamweka gredi ya pili." Pamoja na watoto wa miaka saba. Nikatia sahihi, ningefanyaje?

Njiani tulisimama kusubiri roboti, kama huku wanavyoiita taa ya barabarani, igeuke kijani. Siku zote mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza. Siku hiyo aliniuliza kwa Kiswahili, polepole, akichagua maneno.

"Mama, umenikasirikia?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, si wewe. Akaniangalia usoni kidogo, kisha akavuta mikono ya sweta ikafunika vidole vyake vyenye wino.