Tulivyoziba Mashimo Kabla ya Mkaguzi

Wasomaji, nimejicheka mpaka machozi yakaisha. Sasa ni zamu yenu.

Barabara ya kijiji chetu, huko ndani ya Bumula, ina mashimo ambayo ng'ombe akitumbukia anatokea nchi jirani. Mvua ikinyesha, wagonjwa hupelekwa zahanati kwa wilbaro. Kaunti ikatangaza kwamba mkaguzi atakuja kuiona, ndipo waamue kama tutaletewa greda. Kijiji kikanichagua mimi nimpokee, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni.

Sasa sisi hatukaribishi mgeni kwenye uchafu. Nikawaambia watu, "Mkubwa akikwama hapa, aibu ni yetu." Tulimwaga kokoto, tukaziba kila shimo, tukafyeka nyasi kando hadi barabara ikang'aa kama uso wa bibi harusi. Mama Nekesa, ambaye mke wa mtoto wake anakaribia kujifungua, alibeba mawe kuliko wanaume.

Gari la mkaguzi lilifika bila hata kutikisika. Akashuka, akapiga picha, akatabasamu.

"Hii ni nzuri, bana. Greda tutaipeleka kwa wenye shida."

"Mheshimiwa, tumeitengeneza jana tu, kwa heshima yako," nikasema. "Mvua moja inaosha yote."

"Picha ndizo zitaongea, ndugu yangu. Lakini nimpongeze nani kwa hii kazi?"

Kijiji kizima kikanigeukia. Mama Nekesa ndiye aliyeninyooshea kidole.

"Huyu hapa. Msomi wetu."