Kondakta wa Calloway Bend na Turufu za Gavana

Delmar Hoyt alizaliwa upande wa kusini wa reli, akaoa upande wa kaskazini, akamleta mkewe kusini. Watu wa Calloway Bend walimtania kwamba huo ndio umbali wote aliowahi kusafiri. Haikuwa kweli. Alikuwa kondakta wa treni ya mizigo, na maisha yake yalipita juu ya chuma, akipeleka ngano na kuleta mbolea. Kondakta wa treni ya mizigo hakati tiketi. Dereva hubaki juu kwenye kichwa cha treni. Kondakta ndiye anayeshuka, iwe barafu iwe jua, akafuata mabehewa kwa miguu hadi alione lililoharibika, akafunga breki za mkono, akaikata treni na kuiunga tena. Delmar alikuwa na miguu mirefu na maneno machache, na kazi ile ilimkaa.

Dereva wake alikuwa Russ Dahlke. Wawili hao walifanya kazi pamoja hadi wakawa hawahitaji kuzungumza. Delmar akiinua mkono mmoja kutoka mbali, Russ alijua avute, arudi nyuma au asimame. Russ ndiye aliyesimama naye kanisani siku anamwoa Twyla.

Huyo Twyla alikuwa mpishi mkuu wa shule yetu, iliyo upande wa kusini wa reli, nami nilikuwa chini yake jikoni. Alikuwa mnene, mwekundu wa uso, na mwenye ulimi usiomstahi mtu. Watoto walimwogopa, lakini wenye njaa nyumbani kwao walijua pa kupita, maana Twyla aliwajaza sahani bila kuwauliza swali.

Shirika la reli lilipotangaza kwamba treni zake zitaendeshwa na mtu mmoja tu, wafanyakazi walikwenda bungeni. Ukaandikwa muswada wa kulazimisha kila treni ya mizigo katika jimbo letu iwe na watu wawili. Delmar hakutaka kwenda kusema lolote. Twyla alimvalisha tai, akamwendesha mwenyewe mpaka mji mkuu, akamkalisha mbele ya kamati. Delmar alisema maneno machache kuliko wote waliotangulia. Alisema treni ikisimama juu ya barabara, dereva haruhusiwi kushuka. "Basi nani atashuka?" akauliza, akainuka kwenda zake.

Muswada ukapita seneti, ukapita na Baraza la Wawakilishi. Mwakilishi wetu, Neal Stroud, mwenye yale maghala marefu ya nafaka kando ya reli, aliutetea kwa sauti, na mbele ya kamera akamkumbatia Twyla.

Gavana aliukalia. Akangoja hadi Ijumaa Kuu, watu wako makanisani, ndipo akaukataa kwa kura ya turufu. Katika barua yake kwa bunge aliandika kwamba jimbo letu halitamfundisha mfanyabiashara idadi ya watu wa kuajiri, na kwamba kompyuta haisinzii wala haidai likizo.

Kuipindua turufu ya gavana kulihitaji theluthi mbili ya kura katika kila baraza. Seneti ilizipata. Wawakilishi walipungukiwa kura moja. Kiti cha Stroud kilikuwa kitupu. Alisema tumbo lilimsumbua. Mavuno yalipofika, mabehewa ya shirika yalikuja kwenye maghala yake kwanza, kabla ya wenzake wote wa jimbo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Twyla alimwona Jumapili iliyofuata kura ile, kwenye staftahi ya kanisa aliyokuwa akiipakua, Stroud akiwa ameshika sahani yake kwenye foleni.

"Tumbo limepona, Neal?"

"Linaendelea vizuri, Twyla. Asante kwa kuuliza."

"Basi ngoja nikuongezee mchuzi. Safari hii ukikimbilia chooni, angalau tutajua ni kwa ajili ya chakula changu."

Watu walicheka. Stroud naye alicheka, lakini masikio yake yalikuwa yamewiva. Baadaye baadhi ya wakulima walimwambia Delmar amshike mkewe ulimi, maana mnunuzi wa ngano ni mmoja tu. Delmar alijibu kwamba hajawahi kumshika Twyla kitu chochote asichotaka kishikwe.

Kabla ya majira ya baridi Delmar aliachishwa kazi. Walimpa nafasi katika karakana ya mbali, safari ya siku nzima kutoka kwetu, lakini moyo wa Twyla ulikuwa umeanza kuchoka na daktari wake alikuwa hapa. Akakataa. Kazi nyingine mjini ilikuwa kwa Stroud tu. Alipokwenda, Stroud hakumpokea ofisini. Alimwacha aombe pale nje, mbele ya vibarua wenye koleo mikononi, kisha akamfanya arudie kwa kuwa, alisema, mashine zinapiga kelele. Ndipo akampa kazi ya kufagia vumbi la nafaka.

Wanaume wa mgahawani nao hawakumwacha. Akiingia, mmoja alinyoosha kitambaa cha mezani: "Kondakta, tiketi yangu hii. Nishushe Paris." Delmar alikunywa kahawa yake. Siku ya pili walirudia mzaha ule, na ya tatu, na kila mara walicheka kama ni mpya.

Mwaka uliofuata, Oktoba, mvua ilinyesha karibu juma zima. Mji wetu una kivuko kimoja tu cha reli chenye lami. Kingine kiko mbali, mwisho wa njia ya udongo, na mvua ile ilikuwa imeigeuza uji. Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, treni ndefu ilipunguza mwendo, ikapiga mlio wa chuma, ikasimama juu ya kivuko. Mpira wa kupitisha upepo wa breki ulikuwa umepasuka huko nyuma, na breki zote zikawa zimekamata.

Sisi tulikuwa tunaosha masufuria. Twyla alisema ana kichefuchefu, akaegemea sinki, akateleza hadi chini akiwa bado ameshika sufuria. Niliita gari la wagonjwa. Likaja upesi, likakwama upande wa kaskazini, mataa yake yakiwaka nyuma ya mabehewa. Wahudumu wawili walipanda juu ya maungio ya treni na mikoba yao, wakatufikia, wakampa hewa. Walisema mapigo bado yapo, lakini lazima afike hospitali, na mwanamke kama yule hawezi kupitishwa juu ya maungio yanayoteleza kwa mvua.

Delmar alifika kutoka maghalani akiwa mweupe kwa vumbi. Alimshika Twyla shavu, akasikia maneno ya wahudumu, akatoka. Nilimfuata hadi kwenye kichwa cha treni. Aliyefungua dirisha juu alikuwa Russ Dahlke.

"Fundi yuko njiani," Russ alisema. "Atachukua saa mbili hivi. Labda zaidi."

"Twyla kaanguka, Russ. Naikata pale barabarani. Wewe uvute mbele."

"Mimi siruhusiwi kushuka, Del."

"Sijakwambia ushuke."

Russ aligeuka akaitazama kamera iliyokuwa juu ya kiti chake. Kisha akasema, taratibu, "Ukiinua mkono nitakuona."

Delmar alirudi kando ya mabehewa akikimbia. Alizifunga breki za mkono za mabehewa yatakayobaki, moja baada ya nyingine, wala hakuruka hatua. Akafunga vali ya upepo ili breki za mbele ziachie, akachomoa pini, akasogea pembeni, akainua mkono wake kwenye mvua. Kichwa cha treni kilinguruma, mabehewa ya mbele yakajivuta, barabara ikafunguka. Watu walipiga makofi. Gari la wagonjwa likaingia, likamchukua Twyla, Delmar akiwa amepiga magoti kando yake.

Twyla alikufa njiani, kabla hawajafika hospitali. Daktari kijana, ambaye hakuna aliyemwuliza, alisema kwamba angeletwa mapema kidogo angekuwa hai.

Majirani walileta mabakuli ya nyama na tambi za kuokwa mpaka friji ya Delmar haikufungika. Polisi wa wilaya walimsubiri amalize kuzika; hiyo ndiyo huruma aliyopata. Siku ya pili yake walimchukua. Shirika la reli lilikuwa limemshitaki kwa kuingilia treni na kuhatarisha maisha ya watu.

Shahidi mkuu alikuwa Russ. Alivaa suti ile ile aliyokuwa nayo mazishini. Aliulizwa kwa nini aliisogeza treni.

"Alinitishia," alisema.

"Alikutishia vipi?"

"Kwa jinsi alivyosimama."

Wakili wa Delmar alimwuliza kama alipewa ishara ya mkono, ile waliyoitumia pamoja miaka yote. Russ alitazama viatu vyake, akasema hakumbuki ishara yoyote. Nilisimama nikasema mimi nilikuwepo, nilisikia. Hakimu aliamuru nikae. Zamu yangu ilipofika, mwendesha mashitaka aliniuliza kama marehemu alikuwa mkubwa wangu kazini na rafiki yangu, nikasema ndiyo, akasema hana swali jingine. Delmar alifungwa jela ya wilaya hadi kiangazi, na baada ya hapo miaka ya kuwa chini ya uangalizi wa mahakama.

Bunge lilipokutana tena, muswada wa watu wawili ulirudi, safari hii ukiitwa Sheria ya Twyla. Aliyeuleta alikuwa Neal Stroud mwenyewe. Alilia akiusoma, na nadhani machozi yalikuwa ya kweli. Kuna watu ambao hulia vizuri. Pamoja nao alileta muswada wa pili, wa kuongeza adhabu kwa mtu yeyote asiye mfanyakazi wa reli atakayegusa treni. Alituambia hiyo ndiyo bei ya amani: shirika litaacha kupinga wa kwanza likipata wa pili. Mimi na akina mama wa jikoni tulikwenda kutoa ushahidi. Yote miwili ilipita kwa kura nyingi.

Gavana aliita waandishi wa habari. Kwanza aliinamisha kichwa kumkumbuka marehemu. Kisha akatia saini muswada wa adhabu, na ule wenye jina la Twyla akaupigia turufu. Alisema tukio la Calloway Bend lilionyesha kwamba hatari haikuwa uchache wa watu ndani ya treni, bali wavamizi walioko nje yake. Viongozi wa bunge hawakuita hata kura ya kuipindua turufu. Walifunga kikao wakaenda makwao.

Nilikwenda jela kumwambia. Alikuwa amekonda, na shati la jela lilimfikia juu ya vifundo vya mikono. Tuliongea kwa simu, kioo katikati.

"Amesaini?"

"Amesaini mmoja."

"Upi?"

Nilimwambia. Akahamishia simu sikio la pili.

"Huo aliousaini," akasema, "una jina lake?"

"Hauna."

"Afadhali."

Alipotoka, Russ alikuja kumwona. Mimi nilikuwa kibarazani kwa Delmar, jirani yangu, nikichambua maharagwe. Russ alibeba pai ya tufaha aliyooka mkewe.

"Ningefukuzwa, Del," alisema. "Nina mabinti wawili chuoni. Ungekuwa wewe ungefanya vilevile."

Delmar alipokea pai. Akavuka hadi kwenye banda langu la kuku, akaimwaga yote, kuku wakaigombania. Akaingia ndani na sahani. Tulisikia maji yakitiririka muda mrefu. Russ hakuondoka, akasimama pale kama mtu aliyeambiwa angoje. Delmar alitoka, akamkabidhi sahani ikiwa safi na kavu.

"Ya mkeo hiyo. Usiivunje."

Hawajasemezana tena. Russ bado anaendesha treni, peke yake.

Masharti ya uangalizi yalimtaka Delmar awe na kazi. Alirudi kwa Stroud, na Stroud alimrudisha kwa mshahara pungufu, akisema kumwajiri mhalifu ni hasara kwake. Mwaka wa uchaguzi ulipoanza, gavana alikuja kupigwa picha maghalani. Vibarua waliambiwa wavae kofia mpya wasimame nyuma yake. Delmar aliambiwa akae kule nyuma kabisa, lakini gavana ni mtu wa kusalimia watu wote, na baada ya hotuba alipita akimpa kila mmoja mkono mpaka akamfikia.

"Asante kwa kazi yako, bwana. Unaitwa nani?"

"Delmar Hoyt."

Gavana alitabasamu vilevile kama alivyomtabasamia aliyetangulia. "Hoyt. Nimefurahi, Hoyt. Familia haijambo?"

Stroud alikuwa akimkazia macho Delmar kutoka nyuma ya bega la gavana.

"Haijambo," Delmar akasema.

Gavana akampiga begani, akaenda kwa mwingine. Jioni nilimwuliza Delmar kwa nini hakumwambia. Alisema alikuwa na maneno yote tayari, amekaa nayo jela, ameyapanga. Lakini alipomwangalia usoni aliona kwamba jina Hoyt halijamgusa popote, akajua hata akiyasema atakuwa anamweleza mgeni habari za mgeni.

Novemba gavana alishinda, na Stroud naye. Kwetu walipata karibu kura zote. Delmar hakupiga kura. Mtu aliye chini ya uangalizi haruhusiwi.