Mume Wetu na Mafua Yangu

Chumba kilikuwa changu, kitanda changu, hata blanketi nililinunua mwenyewe kwa wauza mitumba wa Makambako, na bado nilizuiwa mlangoni na mke mwenzangu.

Mume wetu, mwenye malori mawili pale Makambako, figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Wakati ule hospitali za watu binafsi zilishafunguliwa Dar es Salaam, na mwenye uwezo aliweza kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Aliuza lori moja, akahamia huko na mke mdogo. Mimi nikaachiwa mama yake mzazi hapa Njombe. Nilimwogesha, nikamlisha, mpaka nikamfumba macho. Wivu nililala nao, nikaamka nao.

Mume wetu alipofika kutoka Dar, mama tulishamzika. Baridi ilikuwa kali, watu wamesongamana kwenye majiko ya mkaa, nusu yao wanakohoa. Kwetu hujatoa pole kama hujashika mkono wa mfiwa, na wote walikuwa wakimsubiri yeye. Mke mdogo akampitisha moja kwa moja hadi chumbani kwangu, akafunga mlango.

"Anatufichia mtoto wetu," shangazi za mume wetu wakanung'unika. Niliwaunga mkono kwa moyo wote. Nikaenda kugonga.

"Samahani, dada," alisema mdogo, kafungua kidogo tu. "Mashine inamtoa uchafu, lakini haimrudishii kinga. Figo zikifa na kinga inalegea. Kikohozi cha kunywea tangawizi wewe, yeye kinamlaza. Na hapa shingoni ana mpira wa kupitishia damu, wadudu wakipenya hapo basi tena. Mgonjwa mwenzake tuliyekuwa naye kwenye mashine alikwenda harusini, akarudi na homa. Hakupona."

Kilichoniuma ni kwamba alijua yote hayo. Kafundishwa yeye, kakaa yeye pembeni ya mashine. Nami tangu mazishi nilikuwa na mafua, pua inachuruzika.

"Ni mama watoto huyo?" sauti ya mume wetu ikatoka ndani. "Mwache aingie."

Mdogo akasogea pembeni.

Nilimwona amekaa kitandani, kakonda, bandeji shingoni. Akaninyooshea mkono. Tangu ahamie Dar sikuwa nimeugusa.

"Nina mafua, baba watoto," nikasema. "Pole kwa msiba. Nitabaki hapa hapa."

Hakuushusha mkono. Nikashindwa kumtazama mwanamume mzima akisubiri hivyo. Nikamwambia mdogo, "Nenda kamshike wewe. Mwambie mkono huo umetoka kwangu."

Akaenda, akakaa kitandani kwangu, akaushika ule mkono. Hapo ndipo mume wetu alipoangua kilio cha mama yake, kichwa kakilaza begani kwa mwenzangu, na mimi nimesimama mlangoni na leso puani. Hata siku aliyomwoa sikuona wivu kama ule.