Magurudumu Kwenye Tope la Njia ya Ifo

Habaryar wangu, mdogo wa mama aliyenilea tangu mama afariki, aliwaambia wageni waliokuja nyumbani kwetu mtaa wa Waberi, mjini Garissa, kwamba kazi yangu ni kuzamisha magari kwenye matope ndani ya kompyuta. Wageni walicheka, naye alicheka nao. Walipoondoka alinivuta kando akaniuliza, kwa upole, kama kweli hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma.

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Malori ya chakula na maji hukwama kila msimu wa mvua kati ya Garissa na Dadaab. Mimi na mwenzangu wa ofisini huenda barabarani na chuma chenye ncha ya koni, tukakidunga ardhini kuona udongo unakataa au unakubali. Halafu tunaiambia kompyuta: udongo wa hapa ni hivi, umelowa hivi, gari lina uzito huu na tairi zina upepo huu. Kompyuta inaliendesha gari kwenye skrini, na udongo unabonyea chini yake kama udongo wa kweli. Tunajua litapita au litazama kabla dereva hajawasha injini.

"Na Mungu mmemweka wapi kwenye hesabu hiyo?" aliniuliza.

Nilimwambia tumeweka mvua. Aliridhika na jibu hilo.

Figo zake zilikuwa zimekufa. Kila wiki nilimpeleka hospitali, akalazwa kando ya mashine iliyosafisha damu yake, akatoka amechoka, uso umemsinyaa, lakini akitembea kwa miguu yake. Ndiyo maana alihamia kwangu na kuacha nyumba yake ya Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab, alikoolewa na kuzalia watoto. Binti yake alipojifungua huko, alitaka kumwona mjukuu. Daktari alimruhusu aende na kurudi kabla ya siku yake ya mashine. Anga ilikuwa nyeupe, bila wingu. Alibeba ubani na kanga mpya za mtoto, mwanawe, binamu yangu, akaja kumchukua na pikapu.

Mvua ilianza kunyesha akiwa huko, na ikanyesha kama iliyosahau kuacha. Malaga yakajaa, mabonde yale makavu ambayo mwaka mzima mbuzi hulala ndani yake. Barabara ikakatika. Siku ya mashine ikafika, ikapita.

Mwanawe alinipigia simu. "Abaayo, dada yangu, miguu ya mama imevimba," alisema. "Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki."

Tuliomba ndege ya wagonjwa. Tukaambiwa wapo wengine mbele yake, na tena uwanja umelowa, ndege haiwezi kutua. Kwenye kambi madaktari walimpa dawa walizokuwa nazo. Mashine hawakuwa nayo.

Nikafanya nilichojua kufanya. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaingiza barabara yote ya Ifo, kipande kwa kipande. Mchanga haukunitisha, kwa sababu mchanga uliolowa hushikana na gari hupita. Nilichoogopa ni ule udongo mweusi baada ya laga ya mwisho, unaonyonya maji na kugeuka kama unga uliokandwa. Niliweka pikapu ya binamu yangu. Ikafika kwenye udongo mweusi, magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakachimba, ikakaa kwa tumbo. Nikapunguza upepo wa tairi. Ikasogea zaidi kidogo, ikazama. Nikaondoa mizigo yote. Ikazama.

Kompyuta iliniuliza uzito wa abiria, kama inavyouliza siku zote. Nilikuwa nimeweka uzito wa habaryar kama nilivyoujua hospitalini. Halafu nikakumbuka ile miguu. Alikuwa akijaa maji, na kila siku iliyopita ilimfanya mzito zaidi. Nikaongeza. Kwa gari la uzito ule haikubadilisha kitu, nilijua, ila sikuweza kuacha namba ya uongo pale. Mwenzangu wa ofisini alisimama nyuma yangu, akaona nilichokuwa nikiandika, akatoka nje.

Nilimpigia binamu. "Haipiti," nilimwambia. "Nimejaribu kila njia."

Nikasikia mvua kwenye mabati ya upande wake. Kisha akasema, "Niambie itazama wapi."

"Wapi kivipi?"

"Mahali penyewe. Kama najua inazama wapi, wanaume wanaweza kuningoja hapo. Tutambeba."

Nilirudi kwenye skrini. Ilikuwa ikiniambia jambo lilelile tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nalikataa. Nikamweleza: apunguze upepo wa tairi kabla ya laga, asifuate nyayo za malori kwa sababu malori yameshavunja ngozi ya juu ya udongo, ashike upande wa kulia wenye nyasi. Hivyo angevuka sehemu kubwa, na angekwama karibu na mwisho wa udongo mweusi, upande wetu, kwenye ule mkunjo wenye migunga. Sisi tungekuja na gari la Garissa hadi pale ardhi ilipo ngumu.

Tulifika mapema. Wanaume wa ukoo walikuwa na kitanda cha kamba. Mvua ilikuwa imepungua na kuwa manyunyu. Tuliiona pikapu ikivuka laga, maji yaliyoanza kupungua yakigonga milango, ikapanda, ikashika nyasi kama nilivyosema. Nilijikuta nikiomba niwe nimekosea. Nilitaka kompyuta yangu iwe takataka, kazi yangu yote iwe upuuzi, na gari lije moja kwa moja mpaka miguuni pangu. Lilipofika kwenye mkunjo magurudumu ya nyuma yakateleza, yakazunguka, yakarusha tope jeusi juu. Likainama nyuma, likatulia. Ilikuwa kama kuangalia skrini, ila safari hii nilisikia injini ikilia.

Tulikwenda kwa miguu, tope likifika magotini na kutuvua viatu. Nilipofungua mlango sikumtambua kwa haraka. Uso ulikuwa umejaa, macho yamekuwa mistari. Alipumua kwa mdomo wazi.

"Ni wewe?" aliniuliza.

"Ni mimi, habaryar."

Aliangalia gurudumu lililozama, akaniangalia mimi niliyelowa tope hadi kiunoni. "Hii ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo."

"Basi ni kazi mbaya," alisema, na nadhani alitaka kucheka, kifua kikakataa.

Walimlaza kwenye kitanda, wakambeba mabegani. Mara mbili mmoja wao alianguka, na kila mara wengine walikiinua kitanda juu zaidi ili asiguse maji. Mwanawe alitembea kando yake ameshika ncha ya shela, akisoma Yasini kwa sauti iliyokatikakatika. Tulimwingiza garini akiwa hai.

Akafika Garissa akiwa hai pia. Watu wengi hudhani alifia njiani, kwa sababu ni hadithi rahisi zaidi kuisimulia. Hakufia njiani. Walimfunga kwenye mashine, damu ikaanza kuzunguka, muuguzi akaniambia nikanawe tope. Nilikuwa bombani nikisugua mikono nilipomsikia binamu yangu akimwita mama yake, "Hooyo, hooyo," na sauti hiyo ilinieleza yote. Moyo ulikuwa umechoka kubeba maji yale. Tulimzika alasiri hiyohiyo, kwenye makaburi ya mjini, maana Ifo hakukuwa na njia ya kumrudisha.

Kiangazi kiliporudi ofisi ilitaka ripoti. Mwenzangu alinieleza kwa uangalifu kwamba hatujawahi kupata ushahidi kama ule, gari kuzama palepale tulipotabiri, na kwamba wakubwa wangeukubali mfano wetu wa kompyuta sasa. Alisema anaweza kuandika yeye sehemu hiyo. Nilimwambia nitaiandika mwenyewe. Niliandika aina ya gari, upepo wa tairi, hali ya udongo. Kwenye nafasi ya mzigo niliandika: abiria mmoja, mgonjwa.

Tulirudi barabarani kupima tena. Udongo mweusi ulikuwa umekauka na kupasuka, mgumu kama saruji, na alama za pikapu zilikuwa bado pale, mashimo mawili marefu yenye michoro ya tairi ndani yake. Pembeni kulikuwa na nyayo za wanaume waliobeba kitanda, za kina sana, zote zikielekea upande wetu. Nilidunga chuma changu kando ya nyayo hizo. Ardhi ilikataa.

Greda la serikali lilikuwa likija kutokea Dadaab, likisawazisha njia kabla ya mvua nyingine. Dereva alisimama akatungoja tumalize. Nilimpungia mkono apite.