Mshiriki wa Sitini na Moja

Mwaka mzima sikulia hata mara moja. Nalisema mapema ili mtu asije akanisifu kwa ujasiri. Haukuwa ujasiri, ilikuwa ganzi, ile ya kukalia mguu mpaka ukausahau, ila mimi nilikuwa nimejikalia mzima mzima.

Nilikuwa daktari tayari. Lakini tamaa ni tamaa, basi nikajiandikisha kusomea PhD huku zamu za wodi zikiendelea kama kawaida. Utafiti wangu ulihusu wanawake wanaogundua uvimbe kwenye titi, kisha wanakaa nao miezi kabla ya kuja hospitali. Niliwauliza maswali matatu yale yale: Ulijua lini? Ulimwambia nani kwanza? Ulikuwa unangoja nini? Wengine walilia. Niliwapa tishu, nikaangalia saa, nikaendelea na swali linalofuata.

Kamati ya maadili ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: jina la mtu lisiandikwe popote kwenye karatasi za utafiti. Kila mwanamke alipewa namba, nami nikafika mahali pa kuwakumbuka hivyo tu. Kumi na saba alimwambia dada yake. Arobaini na mbili alingoja mavuno yaishe. Hata sisi wanafunzi tukikutana kwenye ngazi hatukuulizana habari za nyumbani. Salamu yetu ilikuwa umefikisha wangapi, na mwenye wachache alipita haraka akiangalia simu. Mmoja wetu aliacha kuja kabisa. Tulisema amechoka, pole yake, tukagawana meza yake.

Mimi nilikaa Ngara, mama Mountain View, upande mwingine wa Nairobi, na nilikuwa sijakanyaga kwake tangu Pasaka. Akipiga simu nilimwambia niko kwa mahojiano. Yeye ni mwalimu mstaafu, anaheshimu masomo kuliko chakula, kwa hivyo alikata mara moja, akiniambia nisome, tutaongea nikimaliza. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mzazi mwelewa. Mjinga mimi.

Jumamosi moja mwezi wa saba nikaenda Kenyatta Market kusukwa. Msusi wangu ndiye msusi wa mama, ametushika vichwa sote wawili tangu niko sekondari. Alikuwa amefika nusu ya kichwa aliponiuliza, vidole vikiendelea na kazi:

"Na mama, ile kitu ya kwapa ilipungua?"

Nikageuka ghafla. Akadhani amenivuta sana, akalegeza mkono. Kisha akaeleza yote, akiamini najua. Mama alimwonyesha kabla ya Krismasi, siku ya kuoshwa nywele, akamwambia kuna kingine kwenye titi. Msusi alimuuliza, si uko na daktari kwa nyumba? Mama akajibu kwamba huyo daktari ana mtihani wake, asisumbuliwe.

Nitasema kilichonipitia kichwani, hata kama ni aibu. Niliwaza: alimwambia kwanza mtu asiye wa familia, hilo ni kundi la nne kwenye jedwali langu. Nikahesabu miezi, ikawa zaidi ya saba. Nikawaza, huyu anatimiza masharti ya utafiti. Hayo ndiyo mawazo ya mtoto wa tumbo lake. Nilikaa pale saa mbili zaidi, nikasukwa mpaka rasta ya mwisho, nywele zikachovywa kwenye maji moto, nikasema asante.

Jumapili nilimkuta mama ametoka kanisani, anachambua mchele. Nikafunga pazia la sebuleni nikampima kwenye kochi. Uvimbe ulikuwa mgumu, hausogei, na tezi za kwapani zimevimba. Vidole vyangu vilijua vimeshika nini. Mimi mwenyewe sikusikia kitu. Nikamuuliza, kwa ile sauti yangu ya kazi, alikuwa anangoja nini.

"Nilikuwa nangoja umalize," akasema. "Si ulisema ni miezi michache."

Kweli nilisema. Nilikuwa nasema hivyo mwaka wa tatu sasa.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kliniki. Karani akatupatia fomu, nami nikaijaza nikiwa nimesimama, kama nilivyojaza nyingine nyingi: umri, mtaa, simu, mtu wa karibu. Nikampa mama aweke sahihi. Lakini mama hasaini kitu ambacho hajakisoma, ni ugonjwa wa walimu. Akavaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, kidole kikasimama pale juu.

"Hapa wameuliza jina la mgonjwa."

"Ndio, mama."

"Mbona umeandika sitini na moja?"

Nikaangalia. Ilikuwa pale, kwa mwandiko wangu safi kabisa. Wa sitini nilikuwa nimemhoji Ijumaa, na mkono uliendelea na hesabu yake bila kuniuliza. Nilitaka kumweleza kuhusu kamati ya maadili, kwamba namba ni heshima, ni kulinda siri za watu. Mama hakukasirika, na angekasirika ingekuwa nafuu. Alichukua kalamu mkononi mwangu, akakata ile namba kwa mstari mmoja, akaandika majina yake matatu kwa mwandiko wake wa ubaoni.

"Soma," akasema.

Kwetu mtoto hamtaji mzazi kwa jina. Sikuwa nimewahi kulitamka la mama kwa sauti maishani mwangu. Nikalisoma, yote matatu, foleni nzima ikisikia, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyeamshwa. Akaitikia kwa kichwa, akasaini.

Mama sasa yuko kwenye dawa, Alhamisi moja kila wiki tatu. Nywele zimeanguka, na msusi wetu anamfunga vilemba ambavyo mama anasema vinampendeza kuliko nywele zenyewe. Kama angekuja Krismasi ile, huenda matibabu yangekuwa mepesi. Hilo silizungushi, ndiyo kazi niliyosomea, na yeye pia sasa analijua. Tumeliongea mara moja, akasema yaliyopita si ndwele, akaniomba nimletee maji.

Nilirudi kwa utafiti baada ya mwezi. Mshiriki aliyefuata nikampa namba sitini na mbili. Msimamizi wangu, ambaye hapitwi na kitu, aliniuliza mbona nimeruka moja. Mara ya kwanza nilimwambia ni makosa ya kuandika. Aliniuliza tena wiki iliyopita, akitaka nilirekebishe jedwali, na nikamwambia hiyo ni ya mama yangu. Halafu nikalia, saa nne asubuhi, kwenye ofisi ya watu, kamasi na yote.