Newsletter yangu ya ndume wa Shinyalu ni ya kulipia, na siombi msamaha

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa jukwaani, miaka mingi sasa. Leo naandika kwa sababu juzi mtu alileta uzi akisema vijana wanaoandika newsletter na kulipisha wasomaji ni waroho, na wengi wenu mkampongeza. Nilisoma comments zote. Niliandika jibu mara nne, nikalifuta mara nne.

Hili la tano silifuti. Nitasema yote kama yalivyotokea, pamoja na sehemu ambayo naonekana vibaya. Hiyo ningeweza kuiruka na hakuna ambaye angejua.

Nina miaka ishirini na tano, naishi Kakamega mjini, nafanya kazi kwenye cyber. Nachapa barua, naprint, nasaidia watu kujaza fomu. Uandishi sikusomea popote. Nilijifundisha kwa kunakili ripoti za mechi za mpira kwenye exercise book, kisha naondoa wachezaji, naweka ndume.

Kwa wale ambao si wa huku: Shinyalu, Khayega na pande zile kuna mchezo wa ndume, yaani mafahali, kupigana. Ni asubuhi, umande bado uko kwenye nyasi. Kila ndume analetwa na watu wake wakiimba na kupiga ngoma za isukuti. Ndume wawili wanashikana pembe, na anayegeuka akakimbia ndiye ameshindwa. Hakuna refa, hakuna pointi. Wenye ndume wakiona hatari wanaweza kuwatenganisha kwa kamba, na hapo hakuna mshindi.

Hilo la kutenganisha lishikeni, tutalihitaji.

Baba yangu ni mpiga isukuti, kwa hivyo viwanja hivyo nimevijua tangu nikibebwa mgongoni. Miaka mitatu iliyopita nikaanza kuandika. Kila Jumapili baada ya kanisa natuma email moja: nani alipigana na nani, walianzaje, nani alisukuma, nani aligeuka, wazee walisema nini pembeni.

Wasomaji wangu wengi hawako Shinyalu. Wako Nairobi, Mombasa, Qatar, Saudia. Ni watu waliolelewa na kelele za Jumamosi na sasa Jumamosi wanalinda geti la mtu.

Na mimi nina ugonjwa wa kukagua. Kabla ya kutuma, nawapigia wenye ndume wote wawili, halafu watu wengine wawili waliokuwa uwanjani. Nasoma draft kwa sauti mpaka mdogo wangu anahama chumba. Nikibonyeza "send" tumbo linaniuma. Wakati mmoja niliandika kwamba ndume fulani amevunjika pembe ya kushoto, kumbe ni ya kulia. Nikatuma email nzima ya kusahihisha. Hakuna mtu alikuwa ameona kosa.

Miaka miwili niliandika bure. Boda kwenda na kurudi kila Jumamosi, airtime ya kupigia watu, bundles, vyote vilitoka kwenye mshahara wa cyber. Siku simu yangu ilipokufa kabisa nikasema, basi, nitaomba shilingi mia kwa mwezi. Matokeo yabaki bure kwa kila mtu. Anayetaka hadithi nzima alipe.

Nilikaa na tangazo hilo siku kumi na moja nikibadilisha maneno. Nilipolituma, watu waliniwakia.

"Hata ndume mwenyewe hatozi kiingilio." Hiyo iliandikwa na mtu niliyewahi kumtafutia jina la ndume wa marehemu babu yake, kazi ya wiki nzima. Mwingine akauliza kama nimeanza kuuza utamaduni wa Waluhya kwa kilo. Mwingine akasema mchezo ni wa bure tangu enzi za mababu, kwa hivyo habari zake ni za bure.

Sasa hapo wakuu nataka tusimame kidogo. Uwanja ni bure, kweli. Ni bure kwa aliyeamka saa kumi na moja akatembea kwenye matope. Wewe uko kitandani Doha. Mimi ndiye niliyetembea.

Lakini wakati ule sikusema hivyo. Nilisema pole. Niliandika pole ndefu sana, na nikaanza kufikiria kuacha kabisa.

Ndipo Mzee Lihanda akanipigia. Ana hardware kubwa hapa mjini, na ndiye mwenye Transfoma, ndume ambaye wakati huo hakuwa ameshindwa hata mara moja. Alinitania kama kawaida yake.

"Madam mwandishi, nasikia umekuwa matatizo kwa mtandao. Achana na hiyo mambo ya kuitisha watu pesa. Mimi nitalipa. Wacha watu wasome bure."

Alininunulia laptop. Alilipia bundles na boda. Alichotaka ni jina la duka lake liwe juu ya kila toleo, na mimi nikaona hiyo ni haki yake.

Niseme ukweli kwa nini nilikubali. Pesa ilisaidia, lakini si hiyo. Nilikubali kwa sababu nilitaka kupendwa tena. Na nilipendwa. Walioniita mroho walirudi na emoji za moto. Miezi mitatu nililala kama mtoto.

Mwezi wa nne, Transfoma akaletewa Shemeji.

Shemeji ni ndume wa Baba Khayesi, mzee mwenye kishamba cha majani chai kule Shinyalu. Hakuna aliyempa Shemeji nafasi. Miguu mifupi, rangi ya vumbi. Watu wa Transfoma walikuja na filimbi na T-shirt zimeandikwa jina la ndume. Watu wa Shemeji walikuwa kama kumi, nao nusu yao walikuwa watoto wa nyumbani.

Walishikana kitambo kirefu bila mmoja kusogea. Halafu Shemeji akaingiza pembe chini ya taya, akasukuma mara moja tu. Transfoma aligeuka. Alikimbia, wakuu. Alipita katikati ya watu, akaruka mtaro, akaingia kwenye maharagwe ya mama mmoja na kuyalaza yote. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

Jumapili nikapiga simu zangu kama kawaida. Baba Khayesi aliniambia nilichokiona. Mashahidi wawili wakaniambia nilichokiona. Nikampigia Mzee Lihanda.

"Mtoto, watu wangu walikuwa na kamba kwa mkono," akasema. "Tulikuwa tunaenda kuwatenganisha. Andika walitenganishwa."

"Mzee, lakini aligeuka."

"Nimekuambia uandike uongo? Nimekuambia walikuwa na kamba."

Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Laptop inafanya kazi vizuri?"

Nikasema inafanya vizuri, asante Mzee.

Niliandika walitenganishwa.

Lile toleo lilikuwa safi kuliko yote niliyowahi kuandika. Nililipiga msasa mpaka saa za chai ya jioni. Hakuna koma iliyokaa vibaya. Mimi niliyetuma email nzima kwa ajili ya pembe nilituma uongo uliopigwa pasi, na kwa mara ya kwanza tumbo halikuniuma.

Jumatano Baba Khayesi akaja cyber. Alipanga foleni nyuma ya watu wa fomu, kofia mkononi, mpaka zamu yake ikafika. Nilifikiri atanitukana. Nilikuwa tayari kutukanwa, hiyo nimeizoea.

"Sikuja kugombana," akasema. "Kijana yangu ako Qatar. Jumamosi nilimpigia nikamwambia Shemeji amekimbiza Transfoma. Akafurahi sana. Jumatatu akanipigia tena. Akaniuliza, baba, uzee imekufundisha kudanganya?"

Sikuweza kumtazama.

"Nikamwambia si uongo. Akasema, baba, yule msichana husahihisha hata pembe. Yeye hawezi kosea."

Watu kwenye foleni walikuwa wameacha fomu zao.

"Sasa uniambie wewe. Alikimbia ama hakukimbia?"

"Alikimbia, Baba."

"Basi mwambie yeye. Mimi nishamwambia."

Akavaa kofia, akatoka. Hakuprint chochote. Alikuwa amepanda boda kutoka Shinyalu kwa ajili ya maneno hayo tu.

Wakuu, nimesema nitawaambia kila kitu, kwa hivyo sikilizeni na hili: sikuandika siku hiyo. Nilianza draft yenye maneno kama "kumekuwa na mkanganyiko" na "taarifa zilizotufikia". Nikaona najificha nyuma ya Kiswahili kizuri. Alhamisi, kwenye lunch break, nikaandika sentensi hizi na nikazituma bila kuzisoma mara ya pili, jambo ambalo sijawahi kufanya maishani:

Jumamosi iliyopita Transfoma aligeuka na kukimbia. Shemeji wa Baba Khayesi alishinda. Niliandika kwamba walitenganishwa. Si kweli, na nilijua si kweli nilipokuwa nikiandika. Baba Khayesi hakumdanganya mtu yeyote.

Halafu nikafuta laptop vumbi, nikaitia kwenye sanduku lake, nikaipeleka hardware.

Mzee Lihanda hakupaza sauti. Mafundi wake walikuwa wanasikiliza. Aliniuliza, "Sasa utakula hiyo ukweli?"

Ningependa kuwaambia nilimjibu kitu kikali. Nilisema asante Mzee, nikatoka, na nikalia nyuma ya lori la simenti.

Jibu naliandika leo. Ndiyo, naula.

Nilirudisha ile bei ya shilingi mia, na safari hii tangazo lilikuwa na mistari miwili, halina pole. Wengi waliondoka. Wengine waliondoka wakitangaza, kama mtu anayebamiza mlango na kuufungua tena kuangalia kama umesikia. Waliobaki ni wachache, lakini mia zao zinatosha nauli ya kunipeleka Shinyalu na kunirudisha, na mwezi uliopita walininunulia simu ya mkono wa pili.

Kuna anayelipa na kupiga screenshot kutuma kwenye group ya ukoo. Namjua. Mzee Lihanda mwenyewe, nasikia, husoma kwenye simu ya fundi wake. Sawa.

Na kuna walioniandikia kwa adabu kwamba hawana hiyo mia. Hao nawaelewa, mimi mwenyewe kuna miezi singekuwa nayo. Matokeo bado ni bure kwa kila mtu kila Jumamosi saa sita, na hayatakaa yalipiwe. Nani alishinda ni haki ya kila mtu. Kuamka, kutembea, kupiga simu na kukaa na sentensi mpaka isimame, hiyo ni kazi yangu.

Hili ndilo nililojifunza, na limenigharimu aibu mbele ya foleni nzima. Hakuna newsletter ya bure. Mtu lazima analipa. Msomaji wa shilingi mia akikasirika ataondoka na mia yake, na Jumapili nitaandika vilevile. Yule anayelipa yote akikasirika anauliza laptop inaendeleaje. Nilidhani kulipisha watu ni kuwafungia mlango. Kumbe nilipowafungulia wote bure, nilikuwa nimemkabidhi mtu mmoja funguo za nyumba.

Kwa hivyo mniite mroho. Mimi mwoga wa kila kitu, ninayefuta comment mara nne, hili siliogopi tena.

Kijana wa Qatar hajawahi kulipia, na sijamuuliza. Jumamosi iliyofuata nilimkuta Baba Khayesi uwanjani, amesimama na Shemeji, anamkuna shingo. Nilitaka kumwomba msamaha na nilikuwa nimeyapanga maneno yote njiani. Hakunipa nafasi.

"Alinipigia Alhamisi," akasema. "Tumeongea mpaka simu yake ikaisha chaji. Anataka kujua Shemeji anakulanga nini."

Haya, uwanja ni wenu. Mnaolipia waandishi semeni kwa nini mnalipia, na mnaokataa semeni pia, sitafuta comment ya mtu. Ila nina ombi moja: anayetaka niandike bure aseme ni nani atakayelipa badala yake, na kama huyo mtu ana ndume.