Shamba Alilolijua kwa Nyayo

Katika msimu wangu wa pili wa kazi huku Simiyu, kulikuwa na mkulima mmoja tu aliyenishinda. Alikuwa mama mjane wa kata ya Nkololo, mwenye ekari mbili za pamba kando ya njia ninayopita na pikipiki. Mimi ni afisa ugani, mzaliwa wa Lushoto, na nilikuja Bariadi nikijiona najua kusema na wakulima. Wenzake wote wa kitongoji walikuwa wamekubali kupanda kwa mistari. Kwake mimea ilikaa ovyo, hapa imebanana, pale pengo la kulala ng'ombe.

Mara ya tatu nilimpelekea kamba yenye mafundo. Nikaivuta uani mbele yake kutoka kigingi hadi kigingi na kumwonyesha kwa kidole: fundo hili shimo, fundo lile shimo. Alisimama amegeuza uso pembeni, kama mtu anayesubiri mgeni aondoke.

"Bwana shamba, kamba yako ni nzuri," alisema. "Wapelekee wenye haja nayo."

Nikaikunja. Jioni ile, kwenye ripoti, mbele ya jina lake niliandika neno moja: mkaidi.

Mwezi wa tisa watumishi tuliitwa kwenye semina ya siku mbili mjini Bariadi. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha kunyamaza ili tumsikie. Alisema elimu aliyotuletea ina jina refu la Kiingereza ambalo watu hulifupisha kuwa NLP. Kazi yake, alisema, ni kuchunguza jinsi maneno na mazoea yanavyoipanga akili ya mtu, na jinsi mtu mwenyewe anavyoweza kuipanga upya. Nilikaa kiti cha nyuma. Nilishakaa semina nyingi, na nyingi nilizisahau kabla ya kufika nyumbani.

Hii haikunitoka. Alisema kila mtu anatembea na ramani ya dunia kichwani, na kosa letu kubwa ni kudhani ramani hiyo ndiyo dunia yenyewe. Alisema hata tabia inayotuudhi ina nia njema kwa anayeifanya, kwamba kuna kitu anakilinda. Alisema watu wengi tayari wanacho wanachohitaji ili wabadilike, ila hawajapewa nafasi ya kukitumia. Kisha akatuambia jambo lililonichoma.

"Ukisema kitu mara tatu na mtu hakitendi," alisema, "usimlaumu masikio. Jibu alilokupa ndilo kipimo cha ulivyosema. Badilisha namna yako."

Mchana alitupa zoezi. Kila mmoja amfikirie mtu anayemshinda, halafu aandike swali moja tu la kumuuliza, lisilo na lawama ndani yake. Nilimfikiria yule mama. Nilifuta mara nyingi. Kila swali nililoandika lilikuwa amri iliyovaa nguo za swali. Mwisho nikaandika: unalijuaje shamba lako?

Wiki iliyofuata nilikwenda Nkololo asubuhi, bila kamba na bila daftari. Nilimkuta anatwanga mtama uani.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Leo pikipiki umeiacha mbali," alijibu. "Na umekuja bila buti."

Nilitazama miguu yangu. Kweli nilikuwa nimevaa ndala. Nilidhani ameziona.

Nikakaa kwenye kigoda na kumuuliza lile swali. Mchi ulisimama mkononi mwake. Halafu akaniuliza kama nimekuja na mtu. Nilipomwambia niko peke yangu, alisema, "Nalijua kwa miguu, bwana shamba. Macho yangu yaliondoka polepole. Sasa naona mwanga wa jua na kivuli cha mtu, basi."

Nilikuwa nimefika kwa mama huyu mara tatu, nimesimama naye hatua mbili, nimemnyooshea kidole mafundo asiyoyaona. Uso ule alioupeleka pembeni haukuwa wa dharau. Alikuwa ananipa sikio.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanangu yuko Malampaka, ana nyumba yake karibu na stesheni. Akisikia, atakuja kunichukua nikakae kwake. Ni mtoto mwema. Atanipa kiti na chakula, na nitakaa mpaka nife. Mimi sijazoea kukaa." Alipapasa mtama kwenye ungo. "Ungevuta kamba shambani, ningejikwaa mbele za watu. Wangejua."

Kumbe ndicho alichokuwa anakilinda. Wala si pamba. Ni asubuhi zake za kuamka na kwenda mahali panapomngoja.

Aliinuka na kuniambia nimfuate shambani. Tulipofika ukingoni, akafungua kitenge alichojifunga mabegani na kunipa. "Jifunge macho," alisema. "Vua na hizo ndala."

Nilitii. Mwanzo nilihisi aibu, mtu mzima na cheo changu, nikitembea kama anayecheza na watoto. Alinishika kiwiko na kunipeleka mbele.

"Hapa unasikia nini?"

"Mchanga."

"Huo ni luseni. Maji hayakai, mbegu naweka mapema." Tukasogea. Chini pakawa pagumu, pamoto kama sakafu iliyochomwa na jua. "Hii ibambasi. Hapa pamba hufa, sipandi. Wewe hupaita pengo." Tukasogea tena, na udongo ukaanza kupasuka vipande vipana chini ya vidole vyangu. "Sasa umeingia mbuga, udongo mweusi. Hapa nabananisha, maana mvua ikizidi, nusu ya mimea inaoza."

Kila mahali nilipoona ovyo palikuwa na sababu. Nilisomea udongo chuoni miaka miwili, nikaupima kwa vifaa, na sikuwahi kuusikia. Siku ile niliusikia ukibadilika chini ya unyayo kama mtu anayebadilisha sauti katikati ya maneno.

Kisha akaniachia. "Rudi mwenyewe tulikoanzia," alisema.

Nilijaribu. Nilihesabu hatua, nikatafuta jua kwa shavu, nikafuata kengele ya mbuzi niliyodhani iko upande wa nyumba. Nilipofungua kitenge nilikuwa shamba la jirani. Yeye alikuwa anakuja kwangu moja kwa moja, bila fimbo, akiruka mfereji mdogo ambamo mimi nilikuwa nimetumbukia. Hakucheka. Alifika, akasimama mbele yangu, akapokea kitenge chake. Nimeona Kilimanjaro alfajiri na sikuhisi nilichohisi mbele ya mama huyu mwenye vumbi magotini.

Tulipokuwa tunarudi, aliniuliza, "Ile kamba yako, mafundo yake yako sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

"Sasa mbona hukunipa mkononi?"

Nilirudi kesho yake na kamba. Aliipitisha kati ya vidole taratibu, fundo kwa fundo, mpaka mwisho, kisha akairudia kuanzia mwisho hadi mwanzo. Akaomba kijiti cha kupimia kutoka mstari hadi mstari, na vigingi vya urefu wa kiuno ili asijikwae. Mimi sikuwa nimewaza hata kimoja. Mvua za kupandia zilipoanza, alipanda peke yake kwa siku sita, akitambaa na kamba, mbegu zikiwa kwenye mfuko shingoni. Ibambasi aliiacha tupu, na safari hii sikubishana.

Nilimshawishi pia aende hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho, jicho moja limeshakwisha, la pili litabaki na mwanga huohuo kama atatumia dawa ya matone. Yule mwezeshaji alikuwa ametuambia vilevile kwamba anayeamini hakosi kitu. Hilo sikulichukua. Mama yule aliamini, aliomba, na parokia nzima ilimwombea, na macho hayakurudi. Lakini yale mengine nimeyaona kwa macho yangu, na kwa nyayo zangu.

Habari za ugonjwa zilifika Malampaka, kama alivyoogopa. Mwanawe alikuja Ijumaa moja, pamba ikiwa imefika magotini. Nilikuwepo. Alikuwa mtu mnene, mpole, amekwisha kuzungumza na mwenye gari la kubeba mizigo. Mama hakubishana naye. Alimwambia tu aende akatazame shamba kwanza.

Alitembea mstari wa kwanza, wa pili, akainama kuangalia mbele, kama fundi anayetafuta tofali lililopinda. Alikwenda mpaka mwisho na kurudi. Alinitazama mimi.

"Nani amempandia?"

"Muulize mwenyewe," nilisema.

Mama alikuwa amesimama ukingoni, uso pembeni, anasikiliza. "Ni mimi," alisema. "Malampaka nitakuja kusalimia, si kukaa."

Kijana wa watu aliketi chini palepale kwenye udongo, na suruali yake ya safari, akafunika uso kwa mikono. Baadaye alisimama na kuomba jembe. Alipalilia na mama yake siku mbili, yeye akifuata alipoelekezwa, na Jumapili mchana alirudi Malampaka peke yake.